Kuacha Mkorogo Bila Kuurudia: Mwongozo Kamili wa Ngozi na Simu Yako

Wasichana wanaoniandikia kuhusu mkorogo, yaani krimu za kung'arisha ngozi zilizochanganywa, siku hizi hawaniulizi kama una madhara. Hilo wanalijua. Wanachouliza ni kwa nini kila wakiacha wanarudi. Maelezo yao yanafanana mno. Anafunga kopo na kuapa. Wiki ya pili uso unaanza kuwaka na kutoa vipele. Wiki ya tatu mtu anamuuliza mbele za watu, "Mbona umefifia hivyo?" Usiku huohuo anashika simu, anakutana na picha mpya ya staa anayempenda, na asubuhi yuko dukani.

Tatizo si kwamba hana msimamo. Ameacha kopo, lakini simu ameiacha ilivyokuwa. Ngozi inahitaji miezi kadhaa kurudi katika hali yake, na katika miezi hiyo yote simu inamwonyesha kila siku ileile sura aliyokuwa akiitafuta ndani ya kopo. Kwa hiyo mwongozo huu unashughulikia vyote viwili kwa pamoja. Usiruke sehemu ya simu ukidhani ni nyongeza.

Kama una mimba au unanyonyesha, usisubiri kupanga. Soma Hatua ya 1 na ya 2 leo, kisha nenda kliniki.

Vitu vya kuandaa kwanza

- Vipodozi vyako vyote vya kung'arisha: makopo, tyubu, sabuni, pamoja na maboksi yake kama bado yapo. Usitupe chochote kwa sasa.
- Daftari na kalamu.
- Mfuko mzito wa plastiki na selotepu.
- Mafuta ya mgando yasiyo na manukato, na sabuni laini ya kuogea isiyo na harufu kali.
- Losheni ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi.
- Kofia pana, au mtandio wa pamba unaofunika mashavu na shingo.
- Nauli na pesa ya kumwona daktari. Itenge mapema, maana hapa ndipo wengi wanapokwamia.
- Mtu mmoja unayemwamini: dada, mama mdogo, rafiki. Mmoja anatosha.

Usinunue "siramu ya kurudisha rangi", vidonge, sindano, wala mkorogo unaoitwa wa asili. Ndimu, magadi na dawa ya meno viache jikoni na bafuni. Ndimu ikikaa kwenye ngozi halafu ukatoka juani inaweza kukuunguza na kukuachia madoa meusi zaidi ya uliyokuwa unayakimbia.

Hatua ya 1: Jua unachopaka

Panga vitu vyako vyote mezani, halafu washa tochi ya simu kwa sababu herufi za kwenye maboksi ni ndogo. Tafuta maneno haya kama yanavyoandikwa: *hydroquinone*, kisha *clobetasol*, *betamethasone* au *fluocinonide*, ambazo ni steroidi, na mwisho *mercury*, *mercurous chloride*, *calomel* au *mercurio*, ambazo zote ni zebaki.

Boksi lisilo na orodha ya viambato, au kopo lililojazwa dukani kutoka kwenye ndoo, lihesabu kuwa na vyote vitatu. Umeona jinsi linavyotengenezwa: muuzaji anamimina losheni kwenye bakuli, anakamua tyubu mbili tatu za steroidi, anaongeza kimiminika kutoka chupa ndogo isiyo na jina, anakoroga kwa kijiko, anakupimia. Nguvu yake hata yeye haijui, na kopo la mwezi huu si sawa na la mwezi uliopita.

Kwa nini ujue? Kwa sababu kila kimoja kinaachwa kwa namna yake.

Haidrokwinoni huzuia ngozi kutengeneza rangi yake. Ikitumika muda mrefu huku unapigwa jua, inaweza kuleta weusi wa kijivu-bluu mashavuni na kwenye paji la uso, na weusi huo ni mgumu sana kuondoka. Watu wengi wanapouona huongeza krimu ileile, wakidhani dozi haijatosha.

Steroidi ni dawa halali ya hospitali kwa magonjwa fulani ya ngozi, kwa muda mfupi na kwa eneo dogo. Ukiipaka mwili mzima kwa miezi, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, michirizi inatokea mapajani na kwenye mikono, na vidonda vinachelewa kupona. Kubwa zaidi, inaingia kwenye damu na kuzilaza tezi zinazotengeneza homoni ya kotisoli, ambayo mwili unaihitaji ili kuhimili ugonjwa na msukosuko.

Zebaki inaharibu figo na mishipa ya fahamu, na inamfikia mtoto aliye tumboni. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, wa kimataifa kuhusu zebaki, zilikubaliana mwaka 2023 kwamba vipodozi vyote vyenye zebaki vikome kufikia 2025. Tanzania na Kenya zilikwishapiga marufuku vipodozi vya namna hii zamani. Lakini wewe na mimi tunajua bado vinauzwa, tena mchana kweupe.

*Utajua umefanikiwa* ukiwa na ukurasa mmoja wa daftari wenye mambo manne kwa kila kopo: jina au "halina jina", sehemu za mwili unazopaka, mara ngapi kwa siku, na tangu lini. Piga picha maboksi yote. Daktari atakuuliza hayohayo.

Hatua ya 2: Mwone daktari kabla mwili haujaanza kudai

Hii ndiyo hatua wanayoiruka walio wengi, na ndiyo inayowarudisha dukani.

Chenye zebaki au haidrokwinoni, acha leo. Hakuna sababu ya kupunguza kidogo kidogo.

Steroidi ni habari nyingine. Kama umeipaka mwili mzima, au usoni kwa miezi mingi, kuacha ghafla bila msaada kunaweza kuamsha ngozi vibaya sana, na kwa wachache kunaweza kuuangusha mwili wenyewe kwa kukosa kotisoli. Daktari anaweza kukuandikia steroidi hafifu yenye nguvu inayojulikana, kisha akakupunguzia kwa ratiba. Usijaribu kujipunguzia mwenyewe kwa kuongeza losheni kwenye mkorogo. Hujui ulichoanza nacho, kwa hiyo huwezi kujua umefika wapi.

Kopo lisilo na jina nalo liende nawe kwa daktari ndani ya siku chache. Kama umelipaka mwili mzima, usikubali kungojea miadi ya mwezi ujao. Nenda hospitali yoyote iliyo karibu.

Ukifika, sema moja kwa moja. Aibu hapa inagharimu. Sema: "Daktari, nimepaka mkorogo mwili mzima kwa miaka miwili. Nadhani una steroidi. Nataka kuacha, naomba unisimamie." Mwombe akupime presha, sukari na mkojo. Kama kuna dalili ya zebaki, ataangalia figo. Akikukaripia, vumilia, rudia ombi lako. Akikudharau kabisa, tafuta mwingine.

Kliniki za ngozi zipo katika hospitali za Muhimbili jijini Dar es Salaam, KCMC mjini Moshi na Kenyatta jijini Nairobi. Kituo cha Moshi kimekuwa kikifundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika tangu miaka ya 1990, kwa hiyo hata katika hospitali za mikoani uliza kama yupo tabibu wa ngozi.

*Tahadhari.* Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiona uchovu usio wa kawaida, kizunguzungu unaposimama, kutapika kusikoisha au kuzimia baada ya kuacha. Vilevile ukiona mikono inatetemeka, uso au miguu imevimba, au mkojo una povu jingi. Mwambie kila anayekuhudumia kwamba umetumia mkorogo, hasa kama unakwenda kufanyiwa upasuaji au kujifungua.

Na sindano za kung'arisha? Acha. Dripu anayochomwa mtu saluni au chumbani na mtu asiye na leseni inaweza kumpa maambukizi kwenye damu au mzio wa kuua, hata kabla hatujaanza kuuliza mle ndani mna nini.

Hatua ya 3: Toa vitu ndani ya nyumba

Daktari akishaviona, weka vyote kwenye mfuko wa plastiki, funga kwa selotepu na uulize hospitali kama wanaweza kuvipokea. Usivichome moto, kwa sababu zebaki ikipata joto inageuka mvuke na mtaivuta nyote nyumbani. Usivimwage kwenye sinki wala chooni. Usimpe mdogo wako "amalizie".

Fua taulo, foronya na mashuka uliyokuwa ukitumia. Kama watoto wanalala na wewe, hili lifanye siku ya kwanza.

Hatua ya 4: Safisha simu

Tenga saa moja ya utulivu. Fungua Instagram au TikTok kama kawaida yako, lakini daftari liwe pembeni. Pitisha picha kwa dakika kumi. Kila unapojikuta umegusa uso, umekuza picha kuangalia ngozi ya mtu, au umetamani kuuliza "anapaka nini", andika jina la ukurasa huo. Usijilaumu, andika tu. Mwisho utakuwa na orodha, na orodha hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Sasa igawe.

*Wauzaji wa krimu, na kurasa za "kabla na baada".* Hawa zuia. Usiseme utawapuuza. Kazi yao ni kukufuata siku ambayo moyo wako uko chini.

*Mastaa unaowapenda kwa kazi yao.* Hapa wengi hukosea kwa kufuta wote kwa hasira, halafu ndani ya wiki wamewarudisha. Usiwafute. Nyamazisha picha na stori zao kwa miezi mitatu. Nyimbo zao utazisikia redioni na kwenye daladala, tamthilia utaitazama. Unachopumzika nacho ni picha ya uso uliokuzwa, saa tano za usiku, ukiwa peke yako.

*Marafiki na ndugu wanaojichubua au wanaotumia filta kila siku.* Nyamazisha pia. Hawatajua, na undugu hautavunjika.

Ukimaliza, ingia kwenye mipangilio. Instagram na TikTok zote zina sehemu ya kuanza upya mapendekezo, itumie. TikTok ina sehemu ya kuzuia maneno: andika majina ya krimu ulizokuwa ukinunua, na maneno kama "kung'arisha" na "weupe". Kwa siku kadhaa zijazo, kila video ya aina hiyo ikijitokeza, ishikilie kwa kidole na uchague kwamba haikuvutii. Usiitazame hadi mwisho hata kwa kuikosoa. Mashine inahesabu muda uliokaa, haijui kama ulikuwa unachukia.

Kwa nini kazi yote hii? Nyaraka za ndani za kampuni yenye Instagram zilizovuja mwaka 2021 zilionyesha kwamba asilimia 32 ya wasichana waliohojiwa walisema wanapojisikia vibaya kuhusu miili yao, Instagram huwazidishia. Wenye mtandao wenyewe waliliona. Wewe huwezi kuushinda kwa kujikaza; badilisha kinachokufikia.

Halafu jaza pengo, maana ukurasa mtupu utajazwa na walewale. Tafuta nyuso za rangi yako. Mwaka 2014, siku chache kabla hajatwaa tuzo ya filamu ya Oscar, mwigizaji Lupita Nyong'o alisimama kwenye hafla ya jarida la Essence huko Marekani akasimulia barua aliyoandikiwa na msichana. Msichana yule alikuwa karibu kununua krimu ya kujichubua, akaahirisha baada ya kumwona Lupita anavyopokelewa duniani. Lupita akaeleza kwamba yeye mwenyewe utotoni alikuwa akimwomba Mungu kila usiku aamke akiwa mweupe, mpaka alipomwona mwanamitindo Alek Wek, mweusi tii wa Sudan Kusini, akisifiwa kwenye majarida. Ona ushawishi wa staa unavyopita mlango uleule, ukileta kitu tofauti.

Wapo na wengine. Flaviana Matata alipeperusha bendera ya Tanzania kwenye Miss Universe mwaka 2007 akiwa amenyoa kipara, akaingia kumi bora. Anok Yai na Adut Akech wanatembea kwenye majukwaa makubwa ya mitindo kwa rangi ambayo kwenye baadhi ya saluni zetu ungeambiwa "tuipunguze kidogo".

Lakini usihamishe tu kijiti cha kupimia kutoka kwa staa mweupe kwenda kwa staa mweusi mwembamba mwenye shingo ndefu. Nusu ya nyuso mpya ziwe za watu wanaofanya jambo na miili yao: wanariadha, wapishi, mafundi, wacheza ngoma. Faith Kipyegon ana dhahabu tatu mfululizo za Olimpiki katika mita 1500, mbili kati ya hizo amezichukua akiwa tayari mama. Ukimwangalia akimaliza mzunguko wa mwisho, hukumbuki hata kuangalia ngozi yake.

*Utajua umefanikiwa* ukifungua simu kwa dakika kumi na daftari likabaki na mstari mmoja au mtupu.

Hatua ya 5: Jifunze kusoma picha ya staa

Miezi mitatu itaisha na mastaa utawarudisha. Kabla ya siku hiyo, fanya jaribio hili kwa uso wako mwenyewe.

Zima kwanza hali ya urembo kwenye kamera ya mbele. Simu nyingi zinakuja ikiwa imewashwa, na watu wanaishi miaka wakiamini ile ndiyo sura yao. Sasa simama karibu na dirisha saa mbili asubuhi, upige picha. Usiku piga nyingine chini ya taa ya bafuni. Kisha nenda kwa rafiki mwenye taa ya duara, piga ya tatu ukiwa umepaka poda, hali ya urembo imewashwa na mwanga wa picha umeongezwa. Ziweke tatu pamoja, uangalie shavu tu.

Mashavu hayo matatu yatakuwa na rangi tatu, na hujapaka kitu. Katika ile ya tatu vinyweleo vimetoweka, kivuli cha pua kimetoweka, na mstari wa nywele kwenye paji umeyeyukia kwenye ngozi. Ndivyo picha za mastaa zinavyotengenezwa, ila wao wana mpambaji, mpiga picha na mhariri, kila mmoja na kazi yake.

Ukishaliona kwako, kwao utaliona haraka. Linganisha sikio na shavu. Tazama vifundo vya vidole na viwiko, sehemu ambazo poda haifiki. Angalia fremu ya mlango nyuma ya kiuno: ikiwa imepinda, kiuno kimebanwa kwa programu. Tangu Julai 2022 sheria ya Norwei inawalazimu watangazaji wa bidhaa, pamoja na mastaa wa mitandaoni wanaolipwa, kuweka alama kwenye tangazo ambalo umbo, ukubwa au ngozi ya mtu imebadilishwa. Hiyo inakuonyesha jinsi jambo hili lilivyo la kawaida katika biashara ya picha.

Na wao wenyewe hawasalimiki. Novemba 2017 Lupita alijikuta kwenye jalada la Grazia la Uingereza nywele zake zikiwa zimefutwa na kulainishwa bila idhini yake, akalalamika hadharani, na jarida likaomba radhi. Kama hata mshindi wa Oscar haachwi aonekane kama alivyo, uso gani hasa unajaribu kuufikia?

Jambo la pili la kusoma ni pesa. Staa akishika kopo mkononi, jiulize kama analipwa. Akisema wazi kwamba amejichubua, jiulize kwa gharama gani. Vera Sidika wa Kenya mwaka 2014 alisema hadharani kwamba amelipia kung'arisha ngozi yake, na alizungumzia fedha nyingi. Kusema ukweli ni afadhali kuliko kudanganya kwamba ni maji ya kunywa na usingizi. Ila binti anayemtazama hana pesa hizo wala daktari. Ana elfu chache na kopo la ndoo. Matokeo hayawezi kuwa mamoja hata kama nia ni moja.

Hatua ya 6: Utaratibu wa ngozi wa kila siku

Uwe mfupi. Ngozi iliyochoshwa haitaki vitu vingi.

Asubuhi oga kwa maji ya uvuguvugu, si ya moto, na sabuni laini. Usisugue kwa dodoki wala jiwe. Jifute kwa kubonyeza taulo. Paka mafuta ya mgando mwilini ngozi ikiwa bado na unyevu. Usoni paka kidogo sana, na kama una chunusi nyingi muulize daktari krimu nyepesi.

Kisha losheni ya kukinga jua. Kiasi cha vidole viwili kwa uso, masikio na shingo, dakika ishirini kabla ya kutoka. Ukiwa nje, rudia kila baada ya saa mbili. Jua la saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni ndilo kali kwetu, kwa hiyo kofia au mtandio ni lazima, hata kwenye bodaboda. Rangi yako inakinga kwa kiasi fulani, lakini uliyoiondoa haikukingi mpaka irudi.

Usiku: kuoga, mafuta, kulala. Basi.

Hatua ya 7: Ujue wiki mbaya zinakuja

Kama ulitumia steroidi, ndani ya siku chache hadi wiki mbili hivi ngozi inaweza kuwaka, kuwasha, kuwa nyekundu au kutoa vipele kama chunusi. Hii ndiyo siku ambayo wengi husema "nimedhurika kwa kuacha". Kumbe ni mwili unaodai dawa uliyoizoea. Kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi, dakika kumi, mara kadhaa kwa siku, kinapunguza moto. Vikitoa usaha au homa ikaja, rudi kwa daktari. Usipake tyubu ya zamani "mara moja tu kutuliza", kwa sababu inatuliza kweli, na kesho utaitaka tena.

Rangi itarudi kwa viraka. Uso unaweza kutangulia na mikono ikachelewa, au mashavu yakawa na mawingu. Safu ya juu ya ngozi hujibadilisha kwa takriban mwezi mmoja, kwa hiyo mabadiliko ya maana yapime kwa miezi. Piga picha moja tu kila mwezi: dirisha lilelile, saa ileile, hali ya urembo ikiwa imezimwa. Kujitazama kwenye kioo kila saa kunakuonyesha hofu yako tu.

Na unakwenda kwenye rangi ipi? Tafuta sehemu ambayo hukuwahi kupaka, kama ipo: chini ya mkanda wa sketi, juu ndani ya mkono. Hiyo ndiyo.

Niseme na lisilopendeza. Michirizi haiondoki kabisa, ingawa hufifia. Weusi wa kijivu-bluu wa haidrokwinoni unaweza kubaki miaka, na daktari pekee ndiye wa kuushughulikia. Hutarudi kuwa binti wa picha ya kidato cha pili. Unachopata ni ngozi inayopona ikikatwa, isiyouma juani, na figo zinazofanya kazi.

*Utajua umefanikiwa* pale siku kadhaa zinapopita ngozi haiwaki usiku, na viraka vya mwezi huu vikawa hafifu kuliko vya mwezi uliopita.

Hatua ya 8: Jiandae kwa maneno ya watu

Watasema. Kwenye kitchen party, kwenye sendoff, msibani, sokoni. Wengi hawana nia mbaya. Wamezoea kusalimia kwa rangi. Jibu lako liwe fupi na liwe tayari mdomoni, kwa sababu ukianza kujieleza utaishia kujitetea.

Shangazi akisema, "Mwanangu, mbona jua limekula hivyo?" jibu: "Hapana shangazi, ni rangi yangu inarudi. Shikamoo." Mazungumzo yanahama yenyewe.

Kama mama mwenyewe ndiye aliyekununulia kopo la kwanza, usimshambulie. Mwambie, "Mama, daktari ameniambia niache, figo zangu zinaangaliwa." Neno la daktari linamwachia heshima yake na linafunga mlango.

Mwanaume anayekwambia alikupenda ulipokuwa mweupe, mwonyeshe daftari lenye majina ya viambato na madhara yake. Akisoma yote hayo na bado akataka urudie, umepata taarifa muhimu kuhusu yeye, na uamuzi ni wako.

Mpambaji ni wa kumwandaa mapema kuliko wote. Siku ya shughuli atakuwa na haraka, atachukua poda iliyo juu ya mfuko, na mara nyingi ni ngazi mbili juu ya rangi yako. Mpigie siku moja kabla: "Dada, nipakie rangi ya shingo yangu." Siku yenyewe mwambie ajaribu kwenye taya, mtoke mlangoni mtazame kwa mwanga wa nje. Isipoonekana mpaka wake, ndiyo hiyo. Picha za shughuli hukaa simuni miaka, na ukizipenda ukiwa na rangi yako zitakusaidia kuliko maneno yangu.

Hatua ya 9: Ukiteleza

Wengine watapaka tena. Ikikutokea, usiseme "basi, nimeharibu" ukamalizia kopo. Fanya mambo haya kwa mfuatano huu.

Osha uliyopaka kwa maji na sabuni laini. Mtumie ujumbe yule mtu wako mmoja usiku huohuo, hata kama ni maneno mawili: "Nimepaka." Andika kwenye daftari kilichotangulia: ulikuwa wapi, nani alisema nini, uliona picha gani, saa ngapi. Ukikuta ni picha, rudi Hatua ya 4 na unyamazishe ukurasa huo. Ukikuta ni neno la mtu, tunga jibu lake sasa. Ukikuta ni moto wa ngozi, mpigie daktari, pengine alikupunguzia haraka mno.

Kopo ulilonunua lifungwe kwenye mfuko kama yale ya kwanza. Asubuhi anza na mafuta ya mgando na losheni ya jua kama kawaida. Huhitaji kurudi siku ya kwanza. Miezi uliyokwisha kupita ngozi yako bado inayo.

Ukiteleza mara tatu ndani ya mwezi, au ukiona huwezi kutoka nyumbani kwa sababu ya uso wako, huli vizuri, au unawaza kujidhuru, mwambie daktari wako au mshauri wa hospitali kwa maneno hayohayo. Hospitali kubwa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili, na hilo nalo lina matibabu yake. Yule mtu wako mmoja mwombe akusindikize siku ya kwanza.